Kinga na Gharama Yake: Uchambuzi wa Taathira za Viraka vya Usalama wa Prosesa

Tangu siku za mwanzo za Januari 2018, ilipodhihirika kwamba prosesa nyingi zilizokuwamo katika kompyuta za ulimwengu zilikuwa na kasoro iliyoruhusu programu moja kunyemelea siri za nyingine, watumiaji wa kompyuta wamekuwa wakisikia kauli zinazopingana juu ya dawa ya kasoro hiyo. Mmoja huambiwa kwamba viraka vilivyotiwa katika kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, vimemnyang'anya theluthi ya mwendo wa mashine yake; wa pili huambiwa kwamba hasara ni ndogo hata haionekani; wa tatu hushauriwa aandike maneno mitigations=off katika amri za kuwashia mashine, kisha alale usingizi. Kauli zote tatu zina asili ya kweli, na hapo ndipo utata unapozaliwa, maana kila msemaji alipima kazi yake katika mashine yake, akaitangaza natija kana kwamba ni hukumu ya mashine zote.

Katika kurasa hizi tutaeleza kasoro ilivyoanza, viraka hutenda nini, na wapi vinauma. Kisha tutazipima rai zinazoshindana kuhusu namna ya kuishi navyo. Rai yetu, tuitangulize ili msomaji aweze kuipinga tangu sasa, ni kwamba swali la asilimia ngapi limeulizwa vibaya, na swali linalostahili kutangulia ni nani mwingine anayeendesha msimbo wake ndani ya mashine hiyo hiyo.

Kasoro ilikotoka

Prosesa ya zama hizi haingoji amri iliyotangulia imalizike ndipo ishike inayofuata. Ufundi wa kutekeleza amri nje ya mpangilio wake ulionekana katika mashine kubwa ya IBM System/360 Model 91 katika miaka ya 1960, na Intel ikauingiza katika kompyuta za watu wa kawaida kwa prosesa yake ya Pentium Pro mwaka 1995. Pamoja na ufundi huo ulikuja mwingine wa kukisia: programu inapofika njia panda, prosesa hubashiri upande utakaofuatwa na kuanza kazi ya upande huo kabla sharti halijathibitika, na ikikosea huifuta kazi yote na kurudi nyuma. Mfano wake ni karani mwenye bidii ambaye, kabla bwana wake hajakata shauri, huandika barua ya kukubali kwa kutazamia kwamba ombi litakubaliwa kama ilivyo ada. Bwana akikataa, karani huichana barua, lakini maneno yake yamekwisha kubaki kinyume juu ya karatasi ya kukaushia wino, na mgeni mwerevu aweza kuyasoma.

Karatasi hiyo katika prosesa ni kache, kumbukumbu ndogo ya haraka inayohifadhi data iliyoguswa karibuni. Kazi iliyokisiwa kwa makosa hufutwa, lakini data iliyoguswa kwa ajili yake husalia katika kache, na kwa kuwa kilichomo humo husomwa upesi kuliko kisichokuwamo, mvamizi anayepima nyakati za kusoma kwa uangalifu huweza kubaini ni nini kilichoguswa. Jann Horn wa kikosi cha Project Zero cha Google aliwaarifu watengenezaji wa prosesa juu ya jambo hili mwezi Juni 2017. Wengine, miongoni mwao watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria na mtaalamu wa usimbaji Paul Kocher, walilifikia kwa njia zao wenyewe.

Kasoro zilikuwa za namna mbili, na kuzichanganya kumeleta nusu ya mkanganyiko uliopo. Ya kwanza, Meltdown, iliziruhusu programu za kawaida kusoma kumbukumbu ya kerneli yenyewe, na iligusa karibu prosesa zote za Intel za miaka mingi, ilhali zile za AMD zilisalimika. Ya pili, Spectre, haivunji ukuta wowote, bali humhadaa mwenye siri aiguse siri yake mwenyewe kwa kukisia vibaya. Hiyo iligusa Intel, AMD na ARM kwa pamoja, na haina kiraka kimoja kinachoimaliza, kwa sababu chanzo chake si kosa la mhandisi fulani, bali ni tabia ile ile ya kukisia ambayo ndiyo iliyozipa prosesa mwendo wao.

Viraka na mahali vinapouma

Kabla ya mwaka 2018, kila programu iliyokuwa ikiendeshwa ilibeba ndani ya majedwali yake ya kurasa ramani nzima ya kumbukumbu ya kerneli, ijapokuwa ilikatazwa kuigusa. Mpango huo ulichaguliwa kwa ajili ya wepesi: programu ilipoomba huduma, kama kusoma faili au kupeleka ujumbe mtandaoni, prosesa iliingia katika kerneli bila ya haja ya kubadili ramani. Meltdown ilithibitisha kwamba katazo peke yake halitoshi, na kwamba kisichotakiwa kuonekana hakina budi kuondolewa katika ramani. Kwa sadfa njema, watu wa Graz walikuwa wamekwisha kuandika mwaka 2017 kiraka kilichoitwa KAISER, kwa makusudi mengine ya kuficha anwani za kerneli. Hicho ndicho kilichofanyiwa kazi upya kikawa KPTI, kikaingia katika Linux 4.15 iliyotoka tarehe 28 Januari 2018, na Windows nayo ikajitengenezea kinachofanana nacho.

Tangu hapo programu ina ramani moja na kerneli ina yake, na kila wito wa kerneli unalazimu kubadili ramani wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Kubadili kwenyewe hakuchukui muda mrefu. Gharama kubwa hutoka katika daftari dogo la tafsiri za anwani, liitwalo TLB, ambalo prosesa za zamani hulifuta lote kila ramani inapobadilika, na hivyo kulazimika kutafuta upya tafsiri zilizokuwa mkononi muda mfupi uliopita. Prosesa mpya zaidi zina alama iitwayo PCID, inayowezesha tafsiri za ramani mbili kukaa pamoja katika daftari moja bila ya kuchanganyika, na yenye bahati ya kuwa nayo huumia kidogo tu.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini hakuna asilimia moja ya kutangazwa. Programu inayokokotoa hesabu ndani ya kumbukumbu yake saa nzima bila ya kuiita kerneli hailipi takriban chochote. Hifadhidata inayojibu maswali madogo madogo, kila swali likivuka mpaka mara kadhaa, hulipa kila inapovuka. Andres Freund, mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alipima siku zile zile za Januari kwa swali dogo kuliko yote, akapata upungufu wa takriban asilimia 17 palipokuwa na PCID na 23 pasipokuwa nayo. Kwa kipimo cha kawaida cha kusoma tu, hasara ilishuka hadi takriban 7 na 16. Brendan Gregg, aliyekuwa Netflix, aliandika mwezi Februari kwamba alitazamia hasara ya baina ya asilimia 0.1 na 6 kwa seva za kampuni yake, lakini katika majaribio ya makusudi, yenye miito mingi kupita kiasi, alipata hasara iliyozidi asilimia 800. Mtu yule yule, kiraka kile kile, na tofauti ya maelfu ya mara: nani basi atamlaumu msomaji wa magazeti kwa kuchanganyikiwa?

Ongeza juu yake kwamba umri wa mashine huamua mengi. Microsoft ilieleza tarehe 9 Januari 2018 kwamba wenye Windows 10 na prosesa za kizazi cha Skylake au cha baadaye wasingehisi tofauti kubwa, bali wenye Windows 7 au 8 juu ya prosesa za Haswell au za kabla yake wengi wao wangeihisi. Mwezi Aprili mwaka huo Intel nayo ikatangaza kwamba haitatengeneza masasisho ya maikrokodi, yaani maagizo ya ndani ya prosesa, kwa vizazi kadhaa vya kale. Hilo lilitugusa sisi wa Afrika ya Mashariki kuliko lilivyowagusa wanunuzi wa mashine mpya, kwani kompyuta za mtumba zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam aghalabu ni zile zile ambazo ofisi za ughaibuni zimezichoka: kerneli iliyosasishwa huzitoza mwendo, ilhali sehemu ya kinga inayotegemea maikrokodi haizifikii kamwe.

Madhara yasiyohesabiwa kwa saa

Watu wamezoea kuyazungumza madhara ya viraka kana kwamba ni mwendo tu, lakini kwa maoni yetu balaa lililotoka katika haraka na usiri lilikuwa kubwa kuliko lile la kupungua mwendo. Habari ilikuwa imewekwa siri kwa miezi zaidi ya sita miongoni mwa kampuni kubwa, ikapangwa kutangazwa tarehe 9 Januari, ikavuja karibu wiki moja kabla. Wajenzi wa mifumo midogo, kama ile ya jamii ya BSD, waliarifiwa mwishoni kabisa au hawakuarifiwa. Kilichofuata ni viraka vilivyotoka jikoni vibichi.

Sasisho la Windows la Januari lilizifanya baadhi ya kompyuta zenye prosesa za AMD zishindwe kuwaka, hata Microsoft ikasimamisha usambazaji wake kwa mashine hizo kwa muda. Baadhi ya programu za antivairasi zilikuwa zikiingilia kumbukumbu ya kerneli kwa njia zisizoruhusiwa, na kiraka kilipozikuta mashine ziliporomoka; ikabidi Microsoft izinyime sasisho kompyuta zote ambazo antivairasi yake haijathibitisha kwa alama maalumu kwamba iko salama, na matokeo yake asiye na antivairasi kabisa aliweza kukosa masasisho ya usalama bila ya kujua sababu. Tarehe 22 Januari Intel iliwaomba watengenezaji wa kompyuta waache kusambaza maikrokodi yake iliyotolewa kwa ajili ya Spectre, kwa kuwa ilizifanya mashine zijizime na kujiwasha zenyewe. Siku chache baadaye Microsoft ikatoa sasisho la dharura ambalo kazi yake ilikuwa kuiondoa kinga iliyotangulia.

Lakini kisa kinachostahili kukumbukwa kuliko vyote ni cha Windows 7 ya biti 64. Katika kutengeneza kiraka cha Meltdown, biti moja katika jedwali kuu la kurasa iliwekwa kinyume, na jedwali lenyewe likawa wazi kwa programu yoyote. Ulf Frisk, mtafiti aliyeligundua kosa hilo na kulitangaza mwezi Machi 2018, alionyesha kwamba kuanzia hapo hapakuwa na haja ya hila za kache wala kupima nyakati: programu ya kawaida iliweza kusoma kumbukumbu yote ya mashine kwa kasi ya gigabaiti kadhaa kwa sekunde, na kuiandika pia. Meltdown yenyewe ilikuwa ikisoma tu, na kasi yake haikufikia hata megabaiti moja kwa sekunde. Aliyekataa kusasisha mashine yake kwa ukaidi alikuwa, kwa miezi ile michache, katika hali njema kuliko aliyetii.

Vivinjari navyo vililipa kwa namna yao: saa zake za ndani zilipunguzwa umakini ili zisifae kupimia kache, na Chrome ikaanza kutenga kila tovuti katika mchakato wake, jambo lililoongeza matumizi ya kumbukumbu kwa takriban asilimia 10 hadi 13.

Hoja iliyokataliwa, ikarudi

Kati ya mijadala yote, ule wa tawi la pili la Spectre ndio unaoonyesha vizuri jinsi gharama na kinga zinavyovutana, na kwa hiyo tutakaa nao zaidi. Tawi hilo hutumia kibashiri cha miruko: mvamizi hukifundisha kibashiri, kwa kurudia rudia, kwamba mruko fulani huelekea mahali anapopataka yeye, kisha kerneli inapofika kwenye mruko wake hukisia kuelekea huko huko. Intel ilileta dawa ya maikrokodi iitwayo IBRS, iliyoamrisha kibashiri kisitumie mafunzo ya nje kila kerneli inapoingiwa. Dawa hiyo ilikuwa nzito, na namna ilivyotiwa katika viraka vya Linux ilimkasirisha Linus Torvalds, muasisi wa kerneli hiyo, ambaye mwezi Januari 2018 aliviita hadharani kwa maneno makali kuwa ni takataka tupu. Google kwa upande wake ilikuja na hila ya Paul Turner iitwayo retpoline, inayougeuza kila mruko wa hatari kuwa amri ya kurejea, kwa dhana ya kwamba marejeo hubashiriwa kwa rundo maalumu ambalo mvamizi hawezi kulitia sumu. Retpoline ilikuwa nyepesi, haikuhitaji maikrokodi mpya, nayo ikashinda.

Ilikuwapo shaka moja, wala haikufichwa. Wahandisi walijua kwamba katika prosesa za Skylake rundo la marejeo likiisha, prosesa hukimbilia kibashiri kile kile kilichokuwa kikiogopwa. Walioipendelea ile dawa nzito ya IBRS kwa Skylake walitaja hoja hii. Walioikataa walijibu kwamba hali hiyo ni adimu, ni vigumu kuitumia, na kwamba gharama ya kuizuia haiwiani na hatari yake. Kwa elimu ya mwaka 2018 jibu hilo lilikuwa na busara.

Julai 2022 Johannes Wikner na Kaveh Razavi wa chuo cha ETH mjini Zurich wakatangaza Retbleed, wakionyesha kwamba marejeo yenyewe hushambulika, katika prosesa za Intel za kizazi kile na katika AMD za Zen ya kwanza na ya pili. Linux ikairudisha IBRS kwa Skylake, ile ile iliyokataliwa miaka minne kabla, na watafiti walipima gharama ya viraka wakapata asilimia 14 kwa AMD na 39 kwa Intel. Mwezi Septemba VMware ikaripoti kwamba katika mashine pepe zake, kerneli 5.19 ilipunguza kazi za ukokotozi kwa hadi asilimia 70 ikilinganishwa na iliyotangulia. Ndipo wahandisi wa kerneli, Thomas Gleixner na Peter Zijlstra, walipobuni njia ya kuhesabu kina cha miito ili rundo lijazwe kabla halijaisha, nayo ikaingia katika Linux 6.2 mwaka 2023 na kurudisha sehemu ya mwendo uliopotea.

Je, waliokosea ni akina nani? Wengine husema historia imewasuta waliochagua wepesi. Sisi hatukubali moja kwa moja. Kwa miaka minne mamilioni ya mashine zilifanya kazi kwa mwendo mzuri chini ya kinga iliyozuia mashambulizi yaliyokuwa yakijulikana, na ile dawa nzito ingalichaguliwa mwanzoni, wengi wangaliizima yote kwa kuchoka. Kilichokosekana ni jambo jingine: shaka ya Skylake ilibaki katika mazungumzo ya wahandisi, asiielewe mwenye seva aliyedhani kwamba neno "imezuiliwa" katika taarifa ya mashine yake lina maana ya kuzuiliwa.

Nyuzi mbili, kiini kimoja

Tatizo la nyuzi pacha, ambapo kiini kimoja cha prosesa huendesha kazi mbili kwa pamoja na kuzigawia kache, twaweza kulipita upesi kwa kuwa hoja zake ni zile zile. OpenBSD ilizima nyuzi pacha kwa desturi mwezi Juni 2018, na miezi miwili baadaye kasoro ya L1TF ikawapa haki. Mei 2019 kundi la kasoro za MDS likazidisha hofu, Google ikazizima nyuzi hizo katika Chrome OS, na Apple ikaonya kwamba kinga kamili yaweza kula hadi asilimia 40 katika kazi za nyuzi nyingi. Linux haikufuata njia hiyo. Hata kinga ndogo iitwayo STIBP, ilipowashwa kwa kila mchakato katika matayarisho ya kerneli 4.20 mwishoni mwa 2018, ilizipunguza baadhi ya kazi kwa nusu. Torvalds akahoji kwa nini mtu alipe kiasi hicho ilhali wenye hofu ya kweli huzima nyuzi pacha zenyewe, na ikaamuliwa iwashwe tu kwa mchakato unaoiomba au uliojifungia kwa kichujio cha miito.

Rai zinazoshindana

Walio wengi miongoni mwa wasambazaji wa mifumo hushika rai ya kwamba kinga zote ziwashwe kwa desturi. Nguvu ya rai hii ni kwamba mtumiaji wa kawaida hawezi kupima hatari asiyoiona, na mashambulizi ya namna hii hayaachi alama katika kumbukumbu za matukio: mwizi wa siri kwa njia ya kache havunji kufuli wala haandikwi popote. Udhaifu wake ni kwamba hutoza kila mtu kwa hatari ya baadhi, na gharama hurundikana kiraka juu ya kiraka mpaka mtu aliyevumilia asilimia mbili mara kumi ajikute katika kundi la wanaotafuta namna ya kuzima zote.

Rai ya pili ndiyo ya kuzima. Wenye kuishika hutaja kwamba, pamoja na miaka yote iliyopita na kelele zote zilizopigwa, mashambulizi makubwa ya hadharani kwa njia ya Spectre hayajashuhudiwa, na hata Torvalds mwezi Oktoba 2024 aliandika kwamba amechoshwa na prosesa zenye kasoro pamoja na hatari za nadharia zisizotumika. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, lakini ina mapengo mawili. Kutoonekana kwa wizi usioacha alama si ushahidi wa kutokuwapo kwake. Nao wahandisi wa Google walionyesha mwezi Machi 2021 kwamba ukurasa wa tovuti waweza kusoma kumbukumbu ya kivinjari kwa kasi ya takriban kilobaiti moja kwa sekunde, kasi ndogo, lakini yatosha kwa ufunguo wa siri. Pengo la pili huwashangaza wengi: katika prosesa mpya kuzima hakuleti faida inayotarajiwa. Michael Larabel wa Phoronix alipoijaribu Ryzen 7950X mwaka 2022 alikuta kazi kadhaa zikienda polepole zaidi kinga zilipozimwa, yamkini kwa kuwa prosesa ile ilijengwa kwa kutazamia kwamba zitakuwa zimewashwa.

Natija hiyo ndiyo inayowapa nguvu wenye rai ya tatu, wanaosema dawa ni kubadili prosesa. Ni kweli kwamba Meltdown imezuiliwa ndani ya vizazi vya baadaye vya Intel, na mwenye mashine hizo halipi KPTI hata senti. Lakini kila kizazi kimekuja na kasoro zake: Downfall ya Agosti 2023, iliyoanikwa na Daniel Moghimi, iligusa Intel za Skylake hadi Tiger Lake, na Intel yenyewe ilikiri kwamba dawa yake yaweza kupunguza baadhi ya kazi kwa hadi asilimia 50. Fauka ya hayo, rai hii humwambia mnunuzi alipe tena kwa bidhaa ile ile aliyouziwa ikiwa na kasoro, na anayemwambia hivyo ndiye aliyemuuzia. Kwa mwenye mashine ya mtumba si ushauri hata kidogo.

Mizani

Tukizipima rai hizi pamoja, twaona kwamba zote zinaichukulia kompyuta kama kitu cha namna moja, na hapo ndipo zinapokosea. Hatari ya kasoro hizi hudhihiri pale tu msimbo wa mtu usiyemwamini unapoendeshwa katika prosesa ile ile yenye siri zako. Seva ya kampuni ya wingu inayokodisha mashine pepe kwa wageni wasiojuana ndiyo hali yake kamili, na huko kuzima kinga yoyote ni khiyana kwa wapangaji. Kundi la kompyuta za chuo zinazokokotoa utabiri wa hali ya hewa, zisizounganishwa na umma na zinazoendesha programu za watafiti wenyewe, liko upande wa pili kabisa, na kulitoza gharama nzima ni kuchoma umeme bure. Kompyuta ya nyumbani hudhaniwa kuwa iko karibu na kundi hili la pili kwa kuwa mwenyewe ni mmoja. Kumbe kivinjari chake huendesha kutwa misimbo ya watu asiowajua, kuanzia matangazo hadi michezo, na kwa hiyo iko karibu na seva ya wingu kuliko mwenyewe anavyofikiri.

Kerneli imekuwa ikijongea upande huu polepole. Linux 5.16, mapema 2022, iliacha kuwasha baadhi ya kinga kwa kila mchakato uliojifungia kwa kichujio cha miito, baada ya kuonekana kwamba ilikuwa ikitoza vivinjari na makontena gharama isiyolingana na faida. Mwaka 2025 Canonical ikaondoa kinga za Spectre katika maktaba ya ukokotozi ya vichakataji vya michoro vya Intel kwenye Ubuntu, kwa hoja kwamba kerneli imekwisha kuilinda njia hiyo, ikatarajia kurudisha hadi asilimia 20 ya mwendo. Kubwa kuliko hayo, Linux 6.17 ya Septemba 2025 ilileta mpango ulioandikwa na David Kaplan wa AMD, ambamo msimamizi haulizwi tena juu ya Retbleed, MDS au L1TF, majina ambayo hata wahandisi huyachanganya, bali hutaja njia za hatari: kutoka programu hadi kerneli, kutoka programu hadi programu, kutoka mashine pepe hadi mwenyeji wake, kutoka mashine pepe hadi nyingine. Kerneli ndiyo inayochagua kinga zinazohusika na njia hizo na kuziacha zilizobaki.

Huu, kwa maoni yetu, ndio mwelekeo ulio sawa, na tunaupendelea kuliko rai tatu zilizotangulia, ingawa hauji bila masharti. Msimamizi anayetangaza kwamba hana wageni katika mashine yake anabeba dhamana ya ukweli wa kauli hiyo siku zote, hata mwaka ujao atakapotia ndani yake huduma mpya inayopokea msimbo wa wateja na kusahau aliyoyaandika katika amri za kuwashia. Kabla ya kufika huko, mwenye Linux aweza kusoma katika saraka ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities orodha ya kasoro zinazoihusu prosesa yake na kinga iliyowashwa kwa kila moja, kisha apime kazi yake mwenyewe, hifadhidata yake au seva yake ya tovuti, na kinga zikiwamo na zikiwa hazimo, badala ya kuazima asilimia ya mtu mwingine. Akikuta tofauti ni asilimia mbili au tatu, na hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa wengi wenye mashine za karibuni, asiguse kitu. Akikuta ni thelathini, na aghalabu atakuwa na Skylake yenye hifadhidata nzito au mashine ya kabla ya Haswell, basi ana sababu ya kutaja njia za hatari zinazomhusu na kuacha zisizomhusu. Ila ikiwa juu ya mashine hiyo hiyo kunafunguliwa kivinjari, njia ya kutoka programu hadi kerneli na ile ya programu hadi programu zibaki zimefungwa, hata kama ndizo zinazomgharimu zaidi.